Upepo Ndio Unaobeba Gari: Kuchagua Matairi Mapya ya Pikapu na SUV

Mtu anaingia kwenye duka la matairi na kutaja namba moja: "Nataka 265/65R17." Muuzaji anamteremshia matairi matatu, na yote matatu yana namba hiyo. La kwanza lina meno madogo yaliyobanana. La pili lina meno manene kama matofali. La tatu linafanana na la pili, ila kijana wa dukani analibeba kwa kujikaza na kulitua kwa kishindo. Mteja anashika kiuno. Namba ni ileile, sasa mbona matairi yanatofautiana hivi?

Hapo ndipo kila aliye karibu hugeuka mshauri. Chukua lenye plai nyingi, yaani matabaka ya nyuzi. Chukua pana, ndilo linaloshika. Chukua la tope, maana linaloweza tope haliwezi kushindwa na lami. Ukishafunga, jaza upepo mpaka ile namba iliyoandikwa ubavuni. Karibu kila shauri kati ya haya lina kosa ndani yake, na baadhi ya makosa hayo yanaweza kupindua gari. Kwa hiyo kabla hatujagusa namba wala herufi, tuanze na jambo moja ambalo ukishalielewa, mengine yatakaa mahali pake bila kusukumwa.

Mpira ni mfuko tu

Tairi halibebi gari. Kinachobeba gari ni upepo uliomo ndani ya tairi.

Liangalie gari lililopata pancha usiku likaamkia chini. Mpira ni uleule, nyuzi zimo, waya za chuma zimo, lakini rimu imelala karibu na ardhi. Kilichoondoka ni upepo peke yake. Mpira na nyuzi zake zina kazi nyingine: kuuzuia upepo usitoke, kushika barabara, na kuvumilia joto.

Joto hilo linatoka wapi? Sehemu ya tairi inayogusa ardhi hubonyea kidogo, na ubavu wake hutuna. Gari likitembea, kila sehemu hupata zamu yake ya kubonyea na kunyooka. Tairi la 265/65R17 lina mzingo wa takriban mita 2.4. Maana yake ni kwamba katika safari ya kilomita 100 tu, kila kipande cha ubavu kimekunjwa na kukunjuliwa karibu mara 41,000. Chukua kipande cha waya, kikunje na kukikunjua upesi upesi, kisha gusa pale kwenye mkunjo. Pana moto. Endelea, na waya utakatika.

Ubavu wa tairi nao uko hivyo. Tairi lenye upepo mdogo, au lililobebeshwa kupita uwezo wake, hubonyea zaidi kwa kila mzunguko, na joto huzaliwa haraka kuliko linavyoweza kutoka. Mikanda ya chuma iliyo chini ya uso wa tairi huanza kuachana na mpira, kimyakimya, bila dereva kuona kitu. Halafu siku moja, kwenye mwendo mkubwa na jua kali, uso mzima unabanduka.

Wamarekani walilijua hili kwa gharama ya maisha. Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kuyarudisha matairi yapatayo milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye SUV aina ya Ford Explorer, baada ya nyuso za matairi kubanduka barabarani na magari kupinduka. Mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo iliyahusisha matairi hayo na vifo zaidi ya 200. Chanzo hakikuwa kimoja. Matairi yenyewe yalikuwa na udhaifu kwenye kingo za mikanda ya chuma. Ajali nyingi zilitokea kwenye majimbo ya joto. Tena watengenezaji wa gari walikuwa wamependekeza upepo wa PSI 26, ilhali watengenezaji wa tairi walitaka 30. (PSI ni kipimo cha msukumo wa upepo: pauni kwa kila inchi ya mraba.) Sheria ilipitishwa mwaka huohuo, na ile taa ya dashibodi inayowaka upepo unapopungua imetokana nayo.

Nimelieleza tukio hili kwa sababu linamhusu moja kwa moja mwenye gari refu. Gari fupi likibasti tairi, mara nyingi dereva hutetemeka na kusimama kando. SUV na pikapu zina kimo, na uzito wake umekaa juu. Kosa lilelile la tairi kwenye gari refu lina matokeo mengine kabisa.

Namba ambazo watu huacha kuzisoma

Sasa tusome ubavu. Tuseme pameandikwa 265/65R17 112S.

265 ni upana wa tairi kwa milimita, kutoka ubavu hadi ubavu. 65 ni kimo cha ubavu kikipimwa kama asilimia ya upana huo, yaani asilimia 65 ya milimita 265, ambayo ni karibu milimita 172. R wengi huidhania kuwa ni rimu, lakini sivyo. Inaeleza muundo wa radiali, ambao nyuzi zake hupita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja wa tairi hadi wa pili badala ya kupishana kimshazari. Michelin waliusajili muundo huo mwaka 1946, na leo karibu kila tairi la gari dogo limeundwa hivyo. 17 ndiyo rimu, kwa inchi.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu 112S ndiyo inayosema tairi hili linaweza kubeba nini. 112 si kilo 112. Ni namba ya kwenye jedwali la mzigo linalotumiwa na watengenezaji wote. 100 ni kilo 800 kwa tairi moja. 104 ni kilo 900. 108 ni kilo 1,000. 112 ni kilo 1,120, 116 ni kilo 1,250, na 121 ni kilo 1,450. Herufi inayofuata ni mwendo wa juu ambao tairi linauvumilia likiwa na mzigo huo: Q ni kilomita 160 kwa saa, R ni 170, S ni 180, T ni 190, H ni 210.

Ukitaka kuona uzito wa jambo hili, fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo ya mlango kuna kibandiko, au kibati, kinachotaja ukubwa wa tairi, upepo unaotakiwa, na mara nyingi uzito ambao kila ekseli inaruhusiwa kubeba. Tuseme ekseli ya nyuma ya pikapu inaruhusiwa kilo 1,900. Gawanya kwa mawili: kila tairi la nyuma linaweza kudaiwa kilo 950. Tairi la 104, lenye uwezo wa kilo 900, halifai hata kama linaingia kwenye rimu vizuri na linang'aa. Gari likiwa tupu halitaonyesha shida yoyote. Shida itakuja siku umebeba simenti nyuma, watu watano mbele, na mlima uko mbele yenu.

Kanuni ninayoisimamia bila kuyumba ni hii: namba ya mzigo isishuke chini ya ile ya kwenye kibandiko au kitabu cha gari. Ikipanda ni sawa. Herufi ya mwendo nayo kwa kawaida isishuke, ingawa baadhi ya watengenezaji wa magari huruhusu ishuke kwa matairi ya tope au ya theluji, kwa sharti kwamba dereva naye atapunguza mwendo.

P, LT, na herufi isiyokuwepo

Tulimwacha mteja wetu na matairi matatu. Lile zito lina herufi mbili mbele ya namba: LT. Herufi hizo zina maana ya lori dogo. Matairi mengine huanza na P, yaani gari la abiria, na mengine hayana herufi mbele kabisa. Haya mawili ya mwisho ni ndugu wa karibu. Kuna pia matairi yenye herufi C mwishoni mwa ukubwa, kama 195R15C, ambayo hutengenezwa kwa ajili ya magari madogo ya mizigo.

Tairi la LT lina nyuzi imara zaidi, ubavu mnene, na mara nyingi meno marefu. Limeundwa lijazwe upepo mwingi. Matairi haya hupangwa kwa makundi ya nguvu yanayotajwa kwa herufi: la kundi C hujazwa hadi PSI 50, la D hadi 65, la E hadi 80. (C hii ya kundi si ile C ya mwisho wa ukubwa. Herufi ni moja, maana ni mbili, na hata wauzaji huzichanganya.)

Umeona neno la muhimu? Upepo mwingi. Kumbuka mbebaji ni nani. Ule uwezo wa tairi la LT kubeba kilo 1,450 haumo kwenye mpira wake mnene. Umo kwenye upepo wa PSI 80 ambao mpira ule mnene unaweza kuuzuia. Ukilijaza PSI 30, hukulipa nguvu zake. Na kwa upepo uleule mdogo, tairi la LT hubeba mzigo *mdogo* kuliko tairi la kawaida la ukubwa wake.

Hili nililiona kwa mjomba wangu. Alikuwa na pikapu, akatoa matairi ya kiwandani, akafunga LT ya kundi E, ukubwa uleule. Miezi michache baadaye aliniita niyaangalie, maana yalikuwa yanalika upesi. Nilichuchumaa karibu na gurudumu la nyuma na kupitisha kiganja juu ya uso wa tairi. Katikati meno yalikuwa marefu, kama mapya. Mabegani, pande zote mbili, yalikuwa yamelika mpaka yamelainika, na kwenye bega la ndani kulikuwa na ukingo mkali kama msumeno uliokwaruza kidole. Tairi la namna hiyo limekuwa likitembea limekunjamana, likilalia mabega yake huku katikati kukiwa kumebonyea.

"Mjomba, upepo unajaza ngapi?"

"Kama kibandiko kinavyosema. 29."

Hakuwa mzembe. Alifanya alichoambiwa na gari. Tatizo ni kwamba kibandiko kilikuwa kinazungumzia matairi yaliyotoka kiwandani na gari, ya aina ya kawaida, na yeye alikuwa amebadilisha aina. Watengenezaji wa matairi huwa na majedwali yanayoonyesha kila ukubwa na kila aina hubeba kilo ngapi kwa kila kiwango cha upepo. Unapotoka kwenye P kwenda LT, unatafuta kwenye jedwali upepo utakaobeba angalau mzigo uleule uliobebwa na tairi la zamani. Kwa kawaida unaongezeka kwa PSI kadhaa. Duka zuri la matairi litakutafutia namba hiyo. Lisipojua unauliza nini, nenda duka jingine.

Kinyume chake nacho ni kosa, tena ndilo lililoenea zaidi. Namba ya upepo iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo. Inasema tairi hili lisijazwe kupita hapa. Haisemi ujaze mpaka hapa. SUV yenye abiria wawili kwenye matairi yaliyojazwa mpaka kikomo hurukaruka kwenye kila kokoto, hugusa barabara kwa ukanda mwembamba wa katikati, na hukawia kusimama lami ikiwa imelowa. Ukiwa na tairi la aina ileile iliyotoka na gari, fuata kibandiko cha mlangoni. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi likishapata moto upepo hupanda, na ukipunguza wakati huo utakuwa umepunguza usichopaswa kupunguza.

Kuhusu plai, maneno ni mengi kuliko ukweli. Zamani nyuzi za tairi zilikuwa za pamba, na tairi la plai 10 lilikuwa kweli na matabaka 10. Leo nyuzi ni za polista na chuma, na tairi linaloitwa la plai 10 mara nyingi lina matabaka mawili au matatu tu ubavuni. "Plai 10" imebaki kuwa jina la kiwango cha nguvu, sawasawa na kundi E. Ukiisaka plai nyingi kwa gari ambalo halibebi mizigo, unachopata ni gari gumu, zito kwenye usukani, na lenye kiu ya mafuta.

Na ukiwa na gari linaloruhusiwa P, usidhani P ni udhaifu. SUV nyingi hutoka kiwandani nazo. Jua tu kwamba kwa utaratibu wa Marekani, tairi la P likifungwa kwenye SUV au pikapu, uwezo wake hugawanywa kwa 1.10. La kilo 1,120 linahesabiwa kuwa la kilo 1,018, kwa sababu magari haya hubebeshwa zaidi na huyumba zaidi kuliko gari dogo.

Meno gani kwa njia ipi

Sasa sura ya tairi, ambayo wengi wangetaka tuanze nayo. Madereva huwa na vifupisho vitatu: HT ni tairi la barabara kuu, AT ni tairi la njia zote, MT ni tairi la tope.

HT lina mifereji mirefu inayozunguka tairi na mipasuo midogo mingi kwenye meno. Mifereji hupitisha maji pembeni, mipasuo hung'ata lami iliyolowa. Halina kelele, halili mafuta mengi, hudumu. MT ni kinyume chake: meno makubwa, mapengo mapana. Mapengo hayo yamewekwa kwa kazi moja, kuchota tope na kulitupa nje ili jino liwe safi linaporudi kuchota tena. Tairi la kawaida kwenye tope zito hujaa mara moja, mifereji ikazibika, likawa gogo laini linalozunguka bure.

Basi kwa nini MT lisiwe bora kila mahali? Kwa sababu mapengo yale yaliyosaidia kwenye tope ni sehemu za tairi zisizogusa lami. Mpira unaogusa chini ni mchache, mipasuo midogo ni michache, na lami ikilowa gari hukawia kusimama. Meno marefu nayo hujipinda unapokata kona, hivyo usukani unakuwa kama unajibu kwa kuchelewa. Ile sauti ya mvumo unayoisikia pikapu ya namna hiyo inapopita ni hewa inayonaswa kati ya meno na kuachiliwa. Anayependa sura ya MT simlaumu, ni nzuri. Lakini mtu anayesafirisha watoto kwenye lami siku sita kwa wiki akiwa na MT amechagua kusimama kwa kuchelewa kwenye mvua, na ajue hivyo.

AT ni mapatano kati ya hayo mawili, na kwa mtu ambaye njia yake ni lami na vumbi kwa zamu, ndilo ningemshauri achukue. Kwenye kokoto hasa ndipo linapojipatia heshima: mpira wake huwa umetengenezwa usimeguke ovyo, na meno ya begani hukinga ubavu kiasi fulani dhidi ya mawe makali. AT nazo zina viwango. Kuna zile laini zinazokaribia HT na zile kali zinazokaribia MT, hivyo usiridhike na herufi mbili. Liangalie tairi lenyewe, mapengo yana upana gani, mipasuo midogo ni mingi kiasi gani.

Mchanga una kanuni yake, tena unawashangaza wengi. Mchanga hautaki meno. Meno makali huchimba, na gari linajizika lenyewe. Ngamia hana kwato kali; ana unyayo mpana unaotandaa. Tairi nalo hutandaa ukipunguza upepo, hadi PSI 18 hivi, na unyayo wake unarefuka. Gari lililokwama kwenye mchanga na MT ghali hutoka mara nyingi kwa kupunguza upepo tu. Ila kumbuka ule waya unaokunjwa: kwenye upepo mdogo hivyo nenda polepole, na ujaze tena kabla hujarudi kwenye lami. Asiye na pampu asipunguze.

Kuhusu theluji nitasema moja tu. Alama ya M+S ubavuni inaeleza umbo la meno, haithibitishi kwamba tairi lilijaribiwa. Alama inayothibitisha ni ile ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake.

Kuongeza ukubwa

Wenye pikapu wengi wakifika zamu ya kubadilisha matairi hutamani kupanda ukubwa kidogo. Hesabu yake ni rahisi na kila mtu anaweza kuifanya. Chukua kimo cha ubavu, zidisha kwa mbili, ongeza rimu (inchi moja ni milimita 25.4). Tairi la 265/65R17 linapata kipenyo cha milimita 776. La 285/70R17 linapata 831. Tofauti ni milimita 55.

Gari litapanda nusu ya hapo tu, milimita 27, kwa sababu nusu nyingine iko upande wa juu, kwenye nafasi ya bodi. Na huko juu ndiko tairi linakoweza kugusa bampa au fenda ukikata usukani hadi mwisho huku springi zimebonyea. Spidomita inahesabu mizunguko, haipimi barabara. Ikisoma 100 utakuwa unakwenda 107. Injini inapata shida kung'oa gari, kwa kuwa ni kama umebadilisha gia zote kuwa nzito kidogo, na breki zina gurudumu kubwa na zito zaidi la kulisimamisha. Hayo yote unaweza kuyakubali ukijua sababu yako. Usichokipata ni ruhusa ya kubeba zaidi. Uwezo wa gari umefungwa na springi, ekseli, chesisi na breki, na tairi la 121 haligeuzi pikapu ya tani moja kuwa ya tani mbili.

Ukitaka kubadilisha rimu bila kuvuruga kitu, tafuta ukubwa wenye kipenyo kinachokaribiana. 265/60R18 ina milimita 775, karibu sawa kabisa na 265/65R17 yetu. Unachotoa ni kimo cha ubavu, na ubavu ndio unaomeza mashimo. Kwa njia mbovu, rimu ndogo na ubavu mrefu ni rafiki zaidi.

Upana pia usikudanganye. Tairi pana hushika vizuri lami kavu, lakini kwenye maji yaliyotuama huelea mapema kuliko jembamba, kama ubao mpana juu ya maji.

Tarakimu nne, na magurudumu mengine

Kabla hujalipa, inama. Tafuta herufi DOT na ufuate mstari wake hadi mwisho. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3522 ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Mara nyingi zimeandikwa upande mmoja tu wa tairi, hivyo usipoziona geuza upande wa pili. Zikiwa tatu badala ya nne, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na mahali pake si barabarani.

Mpira huzeeka hata ukiwa umetundikwa ukutani. Hewa yenyewe huukausha, na joto huharakisha. Watengenezaji wengi wa magari hushauri tairi libadilishwe likifika miaka 6, na watengenezaji wa matairi huweka mwisho wa mwisho kuwa miaka 10, hata kama meno yapo. Kwa hiyo tairi la mtumba lenye meno marefu linaweza kuwa hatari kuliko jipya lenye meno mafupi. Bonyeza mpira kati ya meno, kunja ubavu kidogo ukiweza: ukiona nyufa nyembamba kama za ardhi iliyokauka, liache hapohapo.

Wauzaji watakutajia pia hewa ya naitrojeni. Si uongo kwamba hupungua polepole kidogo, lakini upepo wa kawaida tayari una asilimia 78 ya naitrojeni. Geji ya kupimia upepo, ikitumika kila mwezi, itakufaa zaidi.

Je, ununue yote manne? Kwa gari linalovuta magurudumu yote manne muda wote, ningesema ndiyo. Tairi lililolika ni dogo kuliko jipya, hivyo huzunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule. Difu ya katikati, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inalazimika kusawazisha tofauti hiyo kila mita ya safari, na yenyewe haikutengenezwa kwa kazi hiyo ya mfululizo. Kitabu cha gari kitakwambia tofauti inayovumilika.

Gari likiruhusu mawili, mapya yaende nyuma. Najua mafundi wengi hufunga mbele, kwa kuwa mbele kuna usukani. Lakini fikiria maji barabarani. Matairi ya mbele yakiteleza, gari linanyooka mbele na dereva anahisi kwenye mikono. Akiachia mafuta, mara nyingi linarudi. Ya nyuma yakiteleza, mkia unakuja mbele, na gari refu lenye mkia uliotangulia ndilo linalopinduka.

Wakati gari lingali juu ya jeki, uliza valvu mpya, angalia mshale wa mwelekeo kama tairi lina mshale, na urudi kukaza nati baada ya kilomita 80 hadi 100. Kisha ingia chini ya gari na tochi uitazame spea. Kwenye pikapu nyingi imening'inia huko tangu gari lilipotoka kiwandani, karibu na bomba la moshi, ikipigwa na joto na vumbi. Meno yake yote yapo, haijawahi kugusa lami. Ifute matope kwa kitambaa, soma zile tarakimu nne, na uipime upepo.